Kanyagio la Kushoto

Ng'ambo ya Mto Bubu,
Wilaya ya Chemba
3 Agosti 2024

Kwa mke wangu mdogo, Witness,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Huku hatujambo. Mke mkubwa, bibi yako Yasinta, anakusalimu na anasema ile sufuria uliyoondoka nayo Pasaka haikuwa mahari, uirudishe.

Barua hii anakuletea Mbwana, yule wa lori la mbuzi na asali. Ningekupigia simu, lakini unajua huku mtandao uko juu ya ule mwamba tu, na ukiongea pale kijiji kizima kinakusikiliza. Hata wale wanaosema hawajui Kiswahili, siku hiyo wanakijua. Mimi nina jambo la watu wawili, mume na mkewe.

Nataka Ngiri, gari letu, abadilishwe giaboksi. Itolewe hii ya kubadili kwa mkono, iwekwe ile inayojibadili yenyewe, otomatiki, ila fowili yake ibaki, ile ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, tena na ile gia yake fupi ya kupandia. Umekuwa fundi, kwa hiyo usiniulize kama inawezekana. Najua inawezekana, nimemwona jirani wa Mbwana ana pikapu ya namna hiyo.

Sababu ni mchanga. Kiangazi hiki Bubu umekauka hadi umekuwa unga. Nikiingia mtoni na mzigo, nikikanyaga klachi nibadili gia, kwa ule muda wa kufumba na kufumbua nguvu inakatika, na Ngiri anakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Otomatiki haiachii nguvu. Inavuta tu.

Ifanyike kabla ya mvua. Na mama yako asijue, maana Ruthu akisikia nahangaikia gari ataanza tena wimbo wake wa kutuhamishia Area D.

Jingine dogo. Juzi niligonga kichuguu cha mchwa ambacho kipo pale tangu sijazaliwa. Bibi yako anasema labda kilihama usiku.

Ni mimi mumeo,
Batholomeo

*

Gereji ya Fundi Rodgers,
Area D, Dodoma
11 Agosti 2024

Shikamoo babu. Heshima imeishia hapo, sasa namwandikia mume wangu.

Mume wangu mwenye meno kumi na tisa, nimeisoma barua yako mbele ya Fundi Rodgers na tumecheka mpaka wateja wakatushangaa. Otomatiki? Wewe? Ile ni gari ya mabosi wanaokwenda ofisi za serikali Mtumba, soda mkono mmoja, simu mkono wa pili. Umezeeka mpaka umekuwa mvivu, au kuna mrembo wa Chemba unataka umshike mkono ukiwa unaendesha? Sema mapema nijue, maana wake wawili tunatosha.

Nikiacha utani, sikushauri. Otomatiki ikigoma kuwaka katikati ya mto, huisukumi ikawaka, hata mje kijiji kizima. Kwenye mchanga oili yake inachemka usipoifungia kipoza oili cha pembeni. Injini ile na giaboksi ya namna hiyo havikuzaliwa pamoja, itabidi tuchonge vishikizo vipya, tukate propela ya kuzungushia magurudumu, tuvute nyaya. Ni kazi ya wiki nzima kwa jambo ambalo dereva kama wewe halihitaji.

Halafu kuna hili, sijui nilisemeje. Nilikuwa na miaka kumi na moja uliponikalisha juu ya gunia la karanga nione nje, ukaweka mkono wako juu ya wangu kwenye ile gia. Ulisema, "Usiangalie chini. Msikilize, atakwambia mwenyewe lini anataka ya tatu." Kwa sababu ya mkono ule mimi leo ni fundi. Wenzangu chuo walijifunza gia kwenye mchoro ukutani. Sasa unataka mimi huyo huyo niing'oe.

Ninalo wazo zuri zaidi. Kuna giaboksi ya mkono ya gia tano, ya kwanza yake ni fupi, ina nguvu ya trekta. Nitaifunga na klachi mpya nzito isiyoteleza. Mchanga wa Bubu utakuamkia.

Hicho kichuguu kiambie kikae kwake.

Mkeo mpendwa kuliko yule wa kwanza,
Witness

*

Ng'ambo ya Bubu
24 Agosti 2024

Mke wangu,

Mume akiomba chumvi haletewi sukari akaambiwa ni tamu zaidi.

Umeandika vizuri kuhusu gunia la karanga. Nimemsomea bibi yako, akaenda jikoni, akarudi na macho mekundu, akasema ni moshi. Lakini sikukuomba kumbukumbu, nimekuomba otomatiki. Hayo ya oili kuchemka, funga hicho kipoza chako. Hayo ya kusukuma, nitanunua betri nzima na nitaacha kuazima ya jirani Joel.

Wewe unasema dereva kama mimi haihitaji. Nani kakwambia dereva kama mimi bado yupo? Siku hizi macho yangu yamekuwa kama wafanyakazi wa serikali, yanaangalia mbele tu, ya pembeni hayawahusu. Haya, cheka.

Ngiri nitamleta kwako kwa mkono wa jirani yangu Joel, siku ya Jumatatu. Mimi siji. Ni msimu wa kurina asali na nina mizinga ya kuangalia.

Fanya kama nilivyosema.

Batholomeo

*

Area D
9 Septemba 2024

Mume wangu mkaidi,

Joel anaondoka na Ngiri asubuhi hii na barua hii imo kwenye kabati la mbele. Kabla hujaisoma, washa gari kwanza, zunguka nalo kanisani urudi, ndipo usome.

Umezunguka? Haya. Umeona ina gia ya mkono. Sikufunga otomatiki.

Usinune. Nilikaa chini ya lile gari siku mbili nikiwaza, giaboksi ya zamani imeshatoka, na mbele yangu kuna mbili: ile unayoitaka na ile ninayojua inakufaa. Nilifikiri, huyu mzee atajuta. Atakaa nyuma ya usukani mguu wa kushoto hauna kazi, mkono wa kushoto hauna kazi, atajiona mgeni ndani ya gari lake. Kwa hiyo nimekufungia ile ya gia tano. Klachi ni ngumu kidogo, mguu utazoea. Joel ameijaribu kwenye mchanga wa korongo la huku, alipanda bila hata kukimbiza gari.

Najua utanitukana barua moja nzima, halafu utanishukuru. Naisubiri kwa hamu.

Mkeo,
Witness

*

Ng'ambo ya Bubu
16 Septemba 2024

Ndugu Witness,

Habari za huko. Sisi ni wazima.

Gari limefika salama. Kazi ni nzuri. Ahsante kwa jitihada zako, na umshukuru Fundi Rodgers.

Nakutakia kazi njema.

Batholomeo

*

Area D
22 Septemba 2024

Bibi yangu Yasinta, shikamoo.

Leo sikuiti mke mwenzangu. Nimepokea barua ya babu yenye mistari mitano na naogopa. Ameniita ndugu. Hajatukana, hajatania, hajasema neno hata moja kuhusu sufuria. Tangu nimepata akili, hajawahi kuniandikia wala kuniongelesha bila utani, hata siku tulipomzika mjomba Silvano alinitania kaburini nikacheka huku nalia. Mtu akiacha kukutania maana yake umeshakuwa mtu baki.

Nimemkosea wapi? Giaboksi niliyofunga ni nzuri, naapa. Kama ni kwa sababu sikutii, nitakuja nipige magoti. Lakini naona kuna kitu mnanificha. Nimesoma tena barua zake zote. Kichuguu. Macho kama wafanyakazi wa serikali. Joel kuleta gari, wakati babu hajawahi kumwachia mtu ufunguo hata wa kuliosha. Mimi nilicheka tu.

Bibi, niambie ukweli, hata kama amekukataza. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mjukuu wako,
Witness

*

Ng'ambo ya Bubu
30 Septemba 2024

Witness mjukuu wangu,

Marahaba. Mwandiko wangu unaujua, ni wa elimu ya watu wazima, kwa hiyo soma polepole.

Babu yako anapoteza macho. Ni presha ya macho. Tulikwenda hospitali mwezi wa tano, tukakwambieni tunakwenda kwenye arusi ya Emilia, binti wa rafiki yangu. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, dawa ya matone inazuia tu kisipotee kingine haraka. Mbele anaona, lakini kadogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mzinga. Pembeni hana kitu. Mbuzi akitokea kushoto anamwona akiwa tayari mbele ya bampa. Baada ya kile kichuguu alizima gari palepale, akashuka, akaniambia, "Yasinta, leo nimegonga udongo. Kesho nitagonga mtoto." Hajaendesha tena.

Sasa sikia kwa nini alitaka ile gia. Ni ya kwangu. Ananifundisha mimi.

Usicheke. Nina miaka sitini na sita, lakini usukani naushika na njia naziona. Tatizo ni goti langu la kushoto, lile lililovunjika nilipoanguka na mtungi mwaka uliozaliwa. Halikunji wala halisukumi. Klachi ya zamani nilijaribu kuikanyaga kwa kuunyoosha mguu wote na kushika mlango. Hii mpya uliyoweka, Witness, siwezi kuisogeza hata inchi. Siku ilipofika alinikalisha, akasema jaribu. Nilijaribu mpaka nikatoa machozi. Akashuka, akaenda kukaa kwenye mizinga yake mpaka jioni. Hakukukasirikia. Anasema kosa ni lake, alikuomba kwa mzaha kitu ambacho si cha mzaha, na wewe ukamjibu kama mtani anavyojibu.

Mama yako Ruthu atakuja Noeli. Ameshasema, akikuta hatuna namna ya kuvuka mto kwenda mnadani na zahanati, anatufungasha. Na ana haki, ni mtoto anayetupenda. Lakini babu yako akipelekwa Area D atakaa sebuleni akitazama ukuta kwa kale katundu kake, na hata hicho kidogo anachoona kitakuwa ukuta. Huku nyuki anawajua kwa sauti. Njia ya kwenda kwenye mizinga anaijua kwa miguu. Mimi nataka afe kwake, miaka mingi kutoka sasa, akiwa amenichosha vizuri.

Alinikataza nisikwambie. Nimekwambia. Na mwambie kwamba nimekwambia, nimechoka kuficha, sina umri wa siri.

Sufuria ulete.

Bibi yako,
Yasinta

*

Area D
8 Oktoba 2024

Babu Batholomeo, mume wangu, mzee muongo,

Nimelia siku mbili na leo nimemaliza. Sasa nakutukana.

Unapofuka macho halafu unaniandikia habari za mchanga. Ulikwenda hospitali ukasema arusi. Hata Emilia mwenyewe nilimpongeza, akaniangalia kama nimechanganyikiwa, nikadhani ana haya. Na mimi mjinga, naitwa fundi, gari inaletwa na jirani, bampa ina udongo wa kichuguu, na mimi nashughulika kukuwekea klachi nzito. Nilitaka urudi kuwa yule wa gunia la karanga. Nilimtengenezea gari babu wa mwaka 2009. Huyu wa sasa aliniomba kitu kwa mdomo wake, mara mbili, nikamwambia hajui anachotaka. Nisamehe, babu. Nakupenda na niliogopa uzeeke, nikaamua kutokuona. Kumbe tuko wawili wenye ugonjwa huo.

Fundi Rodgers nimemweleza. Hakucheka mara hii. Ile otomatiki bado ipo kwenye rafu, na ya gia tano aliyetuuzia amekubali kuipokea tena. Tutakuja sisi huko kwa lori la Mbwana, na jeki, na mashine ya kuchomelea. Naifanyia kazi uani kwako, bibi akiwepo, nimpime kiti na mikanyagio kama fundi nguo anavyopima. Klachi naing'oa kabisa, kanyagio lenyewe na kila kitu, pale kushoto patabaki sakafu tupu apumzishe goti lake. Kipoza oili nitakiweka mbele ya rejeta kikubwa kuliko kinavyotakiwa.

Masharti mawili. La kwanza, matone ya macho kila siku, bibi anihesabie chupa tupu. La pili, kazi ikiisha bibi anakuja nami Dodoma wiki tatu kwenye chuo cha udereva, apate leseni yake halali, na Ngiri anakuja naye. Sitaki mke mwenzangu awekwe ndani na trafiki.

Sema ndiyo. Na usiniite ndugu tena maishani.

Witness

*

Ng'ambo ya Bubu
19 Oktoba 2024

Mke wangu mdogo, mwenye mdomo,

Ndiyo.

Barua yako nimesomewa na mke mkubwa, mara mbili, na pale pa "mzee muongo" alisoma kwa sauti kubwa kuliko panapohitajika.

Nitakwambia kitu kimoja halafu turudi kwenye utani. Sikuogopa giza. Baba yangu naye aliishia gizani na alirina asali mpaka mwisho. Nilikuogopa wewe. Nilifikiri mjukuu wangu ananijua kama dereva, akijua siendeshi atanijua kama nani? Nikaona bora nikuombe giaboksi kwa mzaha, uifunge bila kuuliza, na siku moja ukija ukute bibi yako yuko kwenye usukani, tuseme ni utani wetu mpya. Ulivyoniletea ile ya mkono, nzuri, imefungwa kwa upendo, hata boliti umezipaka rangi, nilishindwa kukutania. Sikuwa na hasira hata kidogo.

Bibi yako namfundisha Ngiri akiwa amezimwa. Anakaa, anashika usukani, mimi natoa mlio wa injini kwa mdomo. Namfundisha kwa Kisandawe, kwa sababu Kiswahili changu cha gari nilijifunza kwa makondakta na hakifai mbele ya mke. Nikipiga kidoko kimoja kwa ulimi anapunguza, viwili anasimama. Jana alinivusha mto mzima bila gari kusogea hata hatua. Nikamwambia amezama. Akaniambia ni mlio wangu ndio uliokosa nguvu.

Ruthu asijue mpaka mke wa kwanza wa baba yake avuke mto kwa mkono wake.

Njoo. Asali ipo.

Mumeo,
Batholomeo

*

Area D
1 Desemba 2024

Mume wangu mjane wa wiki tatu,

Najua unalala mapema na kula viazi vya kuchemsha. Vumilia, mkeo anarudi Jumatano.

Kwanza habari ya gari. Nimemkagua tena Ngiri, mara ya kwanza tangu tulipomfungia otomatiki uani kwako, vishikizo havijapasuka, oili ni safi, haijaungua hata baada ya siku nzima ya kumzungusha kwenye mchanga. Fundi Rodgers anasema kipoza kile kinafaa basi la abiria. Kuna mlio mdogo wakati anaingia gia ya tatu, nitausikiliza nikija.

Sasa habari ya mke mkubwa. Darasani walikuwa kumi na wanne, wa pili kwa umri ni kijana wa miaka thelathini na moja. Siku ya kwanza walimpisha kiti wakadhani amemsindikiza mtu. Siku ya tatu alikuwa anawakosoa. Mwalimu alimuuliza ukiwa kwenye mteremko mrefu unafanya nini, akajibu, "Namsikiliza mume wangu, halafu nafanya ninavyoona mimi." Wameliandika hilo ubaoni.

Siku ya mtihani mtahini alimwambia apaki kati ya magari mawili. Akapaki. Akamwambia atoke. Bibi akasema subiri kwanza, akapiga kidoko kwa ulimi, viwili, kisha kimoja, akatoka. Mtahini akaniuliza pembeni kama bibi ana tatizo la meno. Nikamwambia hapana, anawasiliana na mwalimu wake aliyeko Chemba.

Amefaulu, babu. Leseni ni ya magari ya otomatiki tu, na inatosha. Usiku ule tuliporudi hakula. Alikaa kitandani kwangu ameishika ile kadi yenye picha yake. Akaniambia alipokuwa msichana aliwahi kudhani gari linaendeshwa na mwanaume kwa sababu linahitaji ndevu. Tukacheka mpaka akaanza kulia, na mimi nikamfuata.

Mama bado hajui, chumba changu cha gereji huwa hafiki. Amekata tiketi ya tarehe 23. Anasema amewaandalia chumba, amepaka rangi na pazia amenunua. Nilitaka kumwambia, nikajizuia.

Mvua zimeanza huku. Muangalie mto.

Mkeo,
Witness

*

Ng'ambo ya Bubu
6 Januari 2025

Mke wangu mdogo,

Heri ya mwaka mpya. Barua hii naisema mimi na anaiandika mke mkubwa. Akiongeza ya kwake utayajua kwa harufu ya kitunguu.

Mto ulishuka tarehe 20, ukapita siku mbili, ukakata. Tarehe 23 ukabaki mchanga ulioloa, ule mbaya, juu mgumu ndani uji. Basi lilimshusha mama yako upande wa pili saa nane mchana, na sisi tulikuwa upande wetu. Nilisikia ananiita. Alikuwa amezoea kuniona nimesimama na miguu majini nikimpungia. Safari hii nilibaki ndani ya gari, kiti cha kushoto.

Bibi yako akaweka fowili, akaweka ile gia fupi, akasema sala. Nikamsikiliza Ngiri. Tulipofika katikati nikasikia gurudumu la nyuma linaanza kuchimba, nikapiga kidoko kimoja apunguze. Hakupunguza. Aliona mbele kidogo pana changarawe, mimi nisingeweza kuiona, akaongeza mafuta taratibu bila kukata nguvu, Ngiri akavuta, akavuta, akatoka. Kanyagio lile lingekuwepo tungekuwa bado tumekaa pale, na wewe ungekuwa unatuletea ugali kwa mtumbwi.

Ruthu alimwona mama yake akishuka upande wa dereva. Alitua mizigo yote chini. Kisha akauliza macho yangu yana shida gani, maana si mjinga, mtoto wangu. Nikamwambia yote, palepale kwenye kingo, mizigo ikiwa bado chini. Alilia, akanifokea, akamfokea mama yake, wewe amekuwekea ya kwako, jiandae. Halafu akapanda nyuma na mizigo, bibi yako akatuvusha tena.

Siku zote za Noeli hakusema habari ya kuhama. Siku ya kuondoka alimwomba mama yake ampeleke mpaka kituo cha basi, na pale akanishika uso kwa mikono miwili, akaniambia, "Baba, pazia nitalishona liwe la kwako huku." Ndivyo tulivyobaki nyumbani. Namshukuru Mungu na wewe, kwa utaratibu huo.

Sasa nina shida ya gari na nataka uitatue Jumamosi ukija. Kiti cha kushoto kina springi imetokeza, upande wa chini karibu na mlango. Inachoma. Kila shimo inachoma, kwenye mto inachoma mara kumi. Mimi sikuijua. Nililinunua gari hili mwaka 1993 na nilikuwa sijawahi kukaa upande huo hata siku moja. Bibi yako amekaa hapo miaka thelathini na moja. Zahanati, mnadani, kwenye misiba yote, siku tunamzika Silvano, amekaa juu ya ile springi. Nikamuuliza, kwa nini hukusema? Akasema, "Ulikuwa unaimba. Ningekuambia, ungeacha."

Nimekuwa kipofu muda mrefu kuliko daktari alivyoandika.

Leta springi na kitambaa kizuri.

Mumeo,
Batholomeo

Mimi mwandishi naongeza bila ruhusa. Kitambaa chochote kitafaa, hata cha gunia, ila njoo Jumamosi hii na si ile nyingine. Tangu amehamia kiti kile hajaimba hata mara moja. Juzi tulipopita mashambani alianza ubeti, springi ikamchoma, akanyamaza. Mimi nilivumilia kwa sababu yeye aliimba. Yeye hajui kuvumilia, na mimi kuendesha gari kimya siwezi.

Yasinta